Kiti cha Mpiga Pampu

Nyumbani kwa kaka yako,
Uani, nyuma ya gereji.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Pokea na nyingine ya akiba, kwa miaka yote ambayo sikukuamkia. Hujambo wewe? Mama Mdogo hajambo? Goti lake linamruhusu kupanda ngazi siku hizi, au bado anapumzika katikati huku akiwasema mafundi waliojenga hiyo nyumba? Na wadogo zangu, ambao mimi nawajua kwa picha tu, wanaendeleaje na masomo? Huku mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo utajionea mwenyewe kadiri unavyosoma.

Nilianza kwa kupiga simu. Alipokea Mama Mdogo, akaniambia masikio yako yamekwisha kabisa, kwamba kwenye simu husikii lolote ila unaitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka mtu anaamini mmeelewana. Akasema, "Mwandikie, mwanangu. Kusoma anasoma, tena miwani mipya anayo." Basi ndiyo hivyo nimekaa hapa na kalamu. Bomba la moshi la lile gari lenu la mbio lilikuwa upande wako, wewe ukaondoka na uziwi. Kaka yako masikio yake ni mazima, anasikia hata kifuniko cha sufuria kikifunuliwa jikoni. Asichotaka kusikia ndicho hasikii.

Kama umesahau mwandiko wangu, mimi ni Sindano. Jina hilo ulinipa wewe, kwa wembamba niliokuwa nao utotoni. Wembamba uliaga zamani, leo ukiniona utaniita Gunia, lakini jina limeng'ang'ania na limenipa na kazi: nashona viti vya magari, hapa hapa kwenye chumba cha pembeni cha gereji ya baba.

Nitasema ombi langu kabla sijasimulia, usije ukachoka njiani ukaiweka barua chini ya mto. Baba Mdogo, kaka yako atakufa. Sisemi kama tunavyosema wote kwamba kufa kupo. Nasema mwezi huu, siku inajulikana, na anaitayarisha mwenyewe kwa spana. Wa kumzuia ni wewe peke yako duniani. Sihitaji pesa, sihitaji hata uje kama huwezi kusafiri. Nataka useme uliona nini siku ile ulipoachia pampu.

Najua hukutarajia. Vumilia kidogo, nieleze.

Mama alipofariki, salamu zako za rambirambi zilifika na Shangazi Mkubwa alizisoma kwa sauti. Baba alitoka nje kabla hazijaisha. Baada ya hapo alikuwa mtu wa kukaa. Anaamka, anakaa. Anakula vijiko viwili, anakaa. Nilikuwa namwona akiutazama ukuta mpaka namwonea ukuta huruma. Siku moja nikarudi kutoka kununua uzi nikakuta turubai limevutwa, na yeye yuko chini ya lile gari, miguu tu inaonekana, anafoka kwamba kuku wametagia mayai kwenye kiti cha dereva. Nilifurahi, Baba Mdogo. Nililia kwa furaha kwa sababu ya mayai ya kuku.

Unakumbuka mama alivyokuwa akiliita lile gari mke mwenza. "Mke mwenza amelala, msimwamshe." Sisi tulicheka. Hendeli ya kuwashia injini aliificha chini ya kitanda chake maisha yake yote, na baba alipotaka kununua gari dogo la kwendea kazini alimkatalia mpaka akamnunulia baiskeli. Watu walisema ana wivu. Mtu aliyekuwa bingwa wa mbio akawa anaenda kukereza vyuma kwa baiskeli, suruali imefungwa kwa kamba kifundoni. Mama akimwona akitoka namna hiyo anaridhika, anarudi jikoni. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Basi tukaanza kumfufua Mke Mwenza. Injini ilikuwa imeshikana kabisa. Baba aliifungua yote akaitandaza kwenye magunia, kilichokufa akakikereza upya kwa mkono wake. Bodi ilinyooshwa na fundi tunayemwita Rangi Mbili, kwa sababu aliwahi kupaka mlango mmoja wa gari la mteja kijani na mwingine kijani tofauti, kisha akaapa kwamba ndivyo alivyoagizwa. Mimi nilipewa viti.

Nilipofungua ngozi ya kiti chako nilishangaa. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea katikati, kama viti vyote. Chako kilikuwa kimeliwa upande mmoja tu, ule wa kuelekea kwa dereva. Upande wa nje sponji ilikuwa mpya, haijawahi kukaliwa. Nikajiuliza huyu mtu alikuwa anakaaje. Mpiga pampu kazi yake ni kutazama geji ya mbele yake, na tairi za nyuma, na nani anakuja. Wewe ulikaa umegeuka, miaka yote ile, ukimtazama mwenzako usoni. Wakati ule nililiona kama jambo la kuchekesha. Nikakijaza sawasawa pande zote, nikakishona kwa uzi mwekundu.

Gari likaunguruma mwezi wa pili. Baba akawa mtu mpya: anapiga mluzi, ananyoa ndevu, anamtania Shangazi Mkubwa kuhusu meno yake ya bandia. Ndipo zikaja habari kwamba uwanja wa zamani wa mbio unafunguliwa tena kwa siku ya magari ya kale. Mizunguko mitano tu, si ya kushindana, ya kuwaonyesha watu. Baba aliposikia aliingia chumbani kwangu na miwani yake ya mbio mkononi, ile yenye mpira. Akasema, "Sindano, una mkono mzuri. Utanipigia pampu."

Wewe huhitaji kuelezwa. Tangi liko nyuma, tena chini, na petroli haipandi kwenye injini mpaka mtu wa pembeni asukume hewa tangini kwa mkono. Mkono ukisimama, injini inafunga duka. Alinifunza wiki nzima uani, gari likiwa juu ya matofali. Na kwa sababu ya kelele akanifunza lugha yenu ya goti. Akinigonga goti mara moja, niongeze. Mara mbili, nipunguze. Kiganja kikilala juu ya goti, inatosha. Unaijua kuliko mimi, naiandika ili ujue alinifunza vilevile kama mlivyokuwa mkifanya. Akanionya jambo moja tu, uso umemkaza: "Lolote litakalotokea, usiachie."

Nilijua anamsema nani. Hadithi hiyo tumekuzwa nayo. Mlikuwa mnaongoza, mzunguko wa mwisho, watu wamesimama juu ya viti. Injini ikakohoa ikazima, gari likajikokota hadi kwenye nyasi, na wote mliokuwa mmewaacha nyuma wakawapita. Baba akatazama, mkono wako uko mapajani. Akakuambia mbele ya umati kwamba kuanzia siku hiyo yeye hana mdogo. Hukufungua mdomo kujitetea. Wiki haikuisha ukawa umeondoka. Nyumbani tulisema ulikuwa na kijicho, kwamba ulichoka kuwa mtu wa pembeni. Hata mimi nimewahi kulisema hilo, nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu.

Siku ya uwanja ilikuwa Jumamosi, jua linachoma. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Kuna wazee walimjua baba hata kabla hajavua kofia, wakaja kumshika mkono, wakagusa gari kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto wa mwenzake. Mzee mmoja aliuliza kwa nia njema kabisa, "Na Mzee Pampu yuko wapi?" Baba akajifanya anakaza nati.

Tulipoingia barabarani nilisahau hofu zangu zote. Siwezi kukudanganya, Baba Mdogo, ilikuwa raha. Upepo unakukata mdomo, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, na yeye pale, mgongo umenyooka, anakata kona utadhani jana alikuwa hapo hapo. Ananigonga goti: ongeza. Naongeza. Analaza kiganja: inatosha. Nilimwona baba niliyesimuliwa tu. Nilimpenda mpaka nikaogopa.

Mzunguko wa nne ananigonga: ongeza. Nikaongeza, sindano ya geji ikapanda. Tukapita mbele ya jukwaa, watu wanapiga kelele. Wa tano tukaumaliza, bendera ya miraba myeusi na myeupe ikapeperushwa, magari mengine yakaanza kupunguza mwendo. Sisi hatukupunguza. Nikadhani anataka utamu zaidi. Nikamgusa bega. Hakugeuka. Nikageuka mimi, nikakaa upande upande kitini, nikamtazama usoni.

Macho yalikuwa yamefumba.

Uso una rangi ya majivu, mdomo wazi, mikono imekaza usukani kwa mazoea tu, na mguu umelala kwenye pedeli ya mafuta kwa uzito wake wenyewe. Mbele yetu ni ile kona kubwa ya kushoto, na nje ya kona ni ukuta wa zege ambao watoto walikuwa wamekaa juu yake wananing'iniza miguu. Swichi iko upande wake, kule chini, siifikii. Basi nikaachia pampu. Nikafungua na kile kizibo cha kutolea hewa, ikatoka kwa mlio. Injini ikakohoa mara kadhaa, ikafa. Nikaushika usukani juu ya mikono yake, nikauvuta kuelekea nyasi. Tulisimama salama. Hata taa haikupasuka.

Ukimya ulipoingia alifumbua macho. Akatazama kona, akatazama geji iliyolala sifuri, akatazama mkono wangu. Rangi ikamrudia. Akasema, "Umeachia." Akashuka kwa miguu yake, akatembea hadi kwa watu akacheka nao. Mimi ndiye niliyetolewa kwenye gari nimeshikiliwa kwapani.

Tangu siku ile hajanisemesha. Salamu yangu anaijibu kwa Shangazi Mkubwa: "Mwambie nimeamka salama." Tunaishi nyumba moja, tunapishana mlangoni, chumvi anaipitisha kwa Shangazi. Kama si kwamba najua nilichokiona ningekuwa nimeshajinyonga na uzi wangu wa viti. Hakumbuki chochote, Baba Mdogo. Kwake yeye alikuwa macho muda wote, yuko barabarani, na ghafla injini ikamfia kwa sababu mtu wa pembeni amemfanyia hila. Kwa mara ya pili maishani.

Nilimburuta kwa daktari wa moyo kwa kumdanganya kwamba Shangazi ndiye mgonjwa. Daktari ni mama mmoja mfupi, mpole, asiye na haraka. Alimpima akasikia moyo unaruka mapigo, lakini ule usimamaji wenyewe hakuukuta. Akamfunga nyaya za kukaa nazo nyumbani siku kadhaa. Baba akazivua barabarani tunarudi akazitumia kufungia kapu. Daktari akaniita pembeni. Anataka kumwekea kifaa kidogo chini ya ngozi cha kuushtua moyo unapolala. Akasema, "Mara moja kwenye jua kali, mtu anaweza kubisha kwamba ni joto. Ningejua kama imewahi kumtokea ujanani, nisingebembeleza, ningempigania." Baba alipoelezwa habari ya kifaa akasema, "Wamwekee Sindano. Ndiye aliyezimika." Shangazi akacheka halafu akajifunika kanga usoni, nikaona mabega yanatikisika, na haikuwa tena kwa kucheka.

Nimejaribu kila mlango. Nilikwenda kwa msimamizi wa uwanja nikamwambia huyu mzee ni mgonjwa, msimruhusu. Akaniambia kwa upole, "Mama, mzee alikuja kwa miguu akanipa mkono. Wewe ndiye tuliyekubeba." Nikamwendea mchungaji na nikamwendea mwenyekiti wa mtaa, wote wakaja, wote wakaonyeshwa injini, wote wakaondoka wameisifu. Nimefikiria kuficha hendeli kama mama. Nilipoitafuta nikaona amekereza ya pili, na ya kwanza analala nayo kitandani. Nimemwomba Mungu amvunje mguu. Ndiyo, mtoto mzima nimepiga magoti nikaomba baba yangu avunjike mguu, mguu mmoja tu, wa kulia.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Uwanja unafunguliwa tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Baba ameshajiandikisha. Na mpiga pampu hamtaki, si mimi, si mwingine. Amemwagiza Rangi Mbili pampu ya umeme. Imeshafika, iko kwenye boksi juu ya meza ya vaisi, ile ya kubania vyuma. Unabonyeza kitufe, inasukuma petroli yenyewe mpaka tangi liwe kavu. Rangi Mbili aliileta akifurahi, maskini, anadhani ameniondolea kazi. Akasema, "Hii haichoki, dada, na haiogopi." Nikaingia chumbani nikafunga mlango nikauma kitambaa nisipige kelele. Pampu ile haina macho, Baba Mdogo. Haitageuka kumtazama mtu usoni. Atafumba macho tena kwenye mzunguko wa tatu au wa nne, na yenyewe itaendelea tu kusukuma.

Ndipo nikakikumbuka kiti chako. Usiku silali, nakumbuka kile kiti kilivyoliwa upande mmoja. Ulikuwa unamtazama. Hukuanza siku ile ya mwisho, ulikuwa unamtazama siku zote, kwa sababu ulishaona kitu. Na mama na baiskeli yake, na hendeli chini ya kitanda. Nadhani ulimwambia mama kabla hujaondoka. Nadhani mlikubaliana wawili nyie kwamba baba asijue, kwa kuwa mtu yule kumwambia moyo wake una kasoro ni kumzika akiwa hai. Ukakubali uitwe msaliti, yeye abaki bingwa aliyefanyiwa hila. Kama nimekosea nisamehe. Lakini kama nimepatia, basi nakushukuru kwa maisha yote ya baba niliyoyafaidi, na nakukasirikia pia, acha niseme ukweli, kwa kuwa umeniacha peke yangu na hili na mama naye ameondoka nalo.

Mimi nikimwambia anasema najitetea. Daktari akimwambia anasema anauza vifaa. Aliyewahi kukaa pale, akaona, akaachia, ni mimi na wewe tu. Ukisema wewe hatakuwa na pa kukimbilia. Atakasirika, huenda atakutukana. Lakini atajua, kwa sababu watu wawili wasioonana miaka na miaka hawawezi kuwa na hila moja.

Jana asubuhi kulitokea kitu kidogo. Alikuwa anang'oa kiti chako. Kwa kuwa hakuna wa kukaa, anasema, kiti ni uzito wa bure. Shangazi Mkubwa alikuwa amekaa karibu kwenye kigoda anachambua mchele, na mimi nilikuwa dirishani nyuma ya cherehani, najifanya nashona. Kiti kimeshikwa na nati nne. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne spana ikasimama. Akabaki amechuchumaa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anaiuliza nati:

"Hivi yule dogo aliona nini?"

Shangazi hata hakuinua kichwa. "Muulize."

"Hasikii."

"Kusoma anasoma."

Baba akaweka spana juu ya kiti, akaenda kunawa mikono. Hakurudi gereji siku nzima. Kiti chako bado kimeshikwa na nati moja.

Basi andika, Baba Mdogo. Usiandike kwangu, andika kwake, kwa mkono wako. Usimpambe, usimwombe radhi, mwambie tu ulichokiona usoni mwake. Dereva wa lori atakayekuletea barua hii anageuza Alhamisi. Nimemsihi akusubiri hata kama utamchelewesha, na Mama Mdogo nimemwomba akukalishe kwenye kiti akupe kalamu. Kama uliona kitu kingine, kama kweli ulikuwa na kijicho, andika hivyo hivyo pia. Lakini andika upesi.

Nisalimie Mama Mdogo sana, mwambie dawa ya goti niliyomwahidi iko ndani ya mfuko huo huo wa dereva. Nisalimie wadogo zangu wote, yule mwenye masikio makubwa kwenye picha mwambie ni ya ukoo, asione haya. Shangazi Mkubwa anakusalimu, anasema yeye hakuwahi kuamini habari ya kijicho, na mimi namshuhudia kwamba anasema uongo, ila sasa haamini. Rangi Mbili hakujui lakini anakusalimu. Kaburi la mama tumelipalilia.

Mungu akuzidishie nuru ya macho, maana ndiyo uliyobaki nayo, na ndiyo tunayoihitaji huku. Akulaze salama na akuamshe na kalamu mkononi.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata kwa miaka ile niliyokusema vibaya,

Sindano.

N.B. Nilikuwa nimeshaandika jina lako juu ya bahasha na kuiegemeza kwenye cherehani, bado barua yenyewe iko mapajani, baba akaingia kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Akaiona bahasha. Akasimama akaisoma, na jina ni fupi, lakini aliisoma muda mrefu. Nikaacha kuandika, nikangoja anifokee. Alipokuwa anapita kurudi mlangoni aliinama kidogo, akanigonga goti. Mara moja.